Kutangaza API ukiwa Kilwa

Mei 2024 ukanda wa Lindi ulikatiwa mawasiliano mara mbili ndani ya siku kumi. Kwanza Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa, mabasi na malori yakabaki yanatazamana pande mbili za maji. Kisha tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika huko kusini mwa Afrika, na intaneti nchini ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Hali kama ile ikikukuta na mfumo wako umekaa kwenye seva ya nje, utaona kioja: mteja yuko Kilwa Masoko, ofisi yenye data iko Lindi mjini, na hawapatani, kwa sababu ombi la mteja linatakiwa litoke nchini kwanza ndipo lirudi.

Naanza na hilo kwa kuwa miongozo mingi ya API, yaani njia ya mfumo mmoja kuongea na mwingine, imeandikwa na watu ambao kwao mtandao kukatika ni habari ya gazetini. Ukiufuata mwongozo wa namna hiyo neno kwa neno ukiwa Nanjilinji au Kipatimu, utatengeneza kitu kizuri cha kuonyesha kwenye semina, na karani wako wa mizani atarudi kwenye daftari ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo haya ni maelezo kwako wewe uliyepewa kazi ya mifumo kwenye chama cha ushirika, kampuni ya utalii au kampuni changa ya vijana, ukaambiwa kwa ufupi: “tunataka mifumo iongee.” Nitatumia mfano mmoja tu, ufuta, kwa sababu Kilwa ufuta ndio unaogusa mifuko mingi kwa wakati mmoja. Mkondo wake unaujua: mkulima anapeleka gunia chama cha msingi, yaani AMCOS, karani anapima na kutoa risiti, mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, na fedha zinaingia baada ya makato. Chama kikuu cha huku ni Lindi Mwambao, na minada ya ufuta siku hizi inapitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mifumo yao siielezi hapa. Nachukua mkondo wa kazi tu, ili tuone API inakaa wapi.

Umeshatumia API, hata kama hujui

Ukiwahi kulipia kibali au leseni kwa kontroli namba, umepita kwenye mojawapo ya API zinazofanya kazi kubwa kuliko zote nchini. Mfumo wa serikali wa malipo, GePG, ulianza Julai 2017. Taasisi inatuma ankara, inapata namba ya malipo yenye tarakimu 12, wewe unalipa benki au kwa simu, na taarifa ya malipo inarudi kwenye taasisi iliyokudai. Hakuna aliyelazimika kujua seva ya mwenzake ikoje. Walikubaliana lugha ya ujumbe na anwani ya kuutuma, basi.

Ukiuangalia kwa jicho la fundi, utakuta mambo matatu ya kuiga. Muundo wa ujumbe umeandikwa na kila mshirika anao. Kila ujumbe unasainiwa kidijitali, ili mtu asitunge malipo hewa. Na upo utaratibu wa kulinganisha hesabu za siku, taasisi inaomba orodha ya miamala yote na kuilinganisha na yake. Hilo la tatu ndilo mafundi wengi hulisahau, nalo ndilo linaloonyesha kwamba waliotengeneza walijua ujumbe hupotea njiani.

Jukwaa: usianzie hapo

Jukwaa la wingu la kuunganisha mifumo linakupa vitu vinne kwa bei moja: mahali pa kusanifu API, lango linalopokea maombi na kuyachuja, tovuti ambapo watengenezaji programu wa nje wanajisajili na kusoma maelezo, na ubao wa takwimu. Apigee ya Google, API Management ya Azure, MuleSoft, IBM API Connect, zote zinafanya hayo. WSO2, iliyozaliwa Sri Lanka, na Kong zina matoleo ya chanzo huria ambayo unaweza kuyasimika kwenye seva yako mwenyewe.

Nitasema wazi ninavyoona: chama chenye washirika watatu wa kuunganishwa nao hakihitaji jukwaa la kulipia kwa dola kila mwezi. Lango moja la chanzo huria kwenye seva ndogo iliyoko Dar es Salaam linatosha kwa misimu miwili ya kwanza. Jukwaa kubwa lina maana pale API zinapofika kumi, washirika wakawa wengi kiasi cha kutowajua kwa majina, na kukawa na timu zaidi ya moja zinazotangaza. Usikubali kuuziwa kabla ya hapo.

Na kama uko halmashauri au taasisi nyingine ya umma, simama kwanza. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, usimamizi wa mambo haya, na taasisi za umma zina mfumo wao wa kubadilishana taarifa, GovESB. Waulize wao kabla ya kusaini chochote na kampuni ya nje.

Swali la lango kukaa wapi ni la kulipima hasa. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, Google ikafuata Johannesburg 2024. Ni karibu kuliko Ireland, lakini bado ni nje ya nchi, na Mei 2024 ilitufundisha maana yake. Majukwaa mengi sasa yanaruhusu mgawanyo: kusanifu, kutangaza na takwimu vikae wingu, lakini lango lenyewe, lile linalopokea maombi ya kila dakika, likae kwenye seva yako. Chagua linaloruhusu hivyo. Siku nyaya zikikatika utakosa ubao wa takwimu, lakini karani wa Kiranjeranje ataendelea kupokelewa.

Anza na bei, usianze na wakulima

Una API mbili mkononi. Moja inasema bei ya mnada wa mwisho: zao, tarehe, ghala, bei ya juu na ya chini kwa kilo. Nyingine inapokea na kutoa taarifa za mizigo: nani kaleta, kilo ngapi, lini. Ofisi itakusukuma uanze na ya pili kwa sababu ndiyo inayowaumiza kichwa. Kataa kwa adabu.

Bei ni taarifa ya kusoma tu. Ikikosewa inasahihishwa, ikivuja hakuna aliyeumia, na faida yake inaonekana kwa macho: kangomba, yaani mnunuzi wa nje ya mnada, ananunua ufuta kwa bei ya kutupa kwa mtu asiyejua mnada wa juzi ulifungwa shilingi ngapi. Kijana wa Kilwa Masoko akiichukua API yako akatengeneza huduma ya simu ya kitochi, mtu anapiga namba na kusoma bei, umeshafanya kazi ya maana bila kugusa jina la mkulima hata mmoja.

Mapokezi ni shughuli nyingine kabisa. Jina, namba ya simu, akaunti ya benki na kilo alizovuna mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023. Anayekusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kukusanya kwa sababu inayojulikana, na kufuata masharti ikiwa taarifa hizo zinatoka nje ya nchi. Ukitumia lango la Cape Town, zinatoka. Njia rahisi ya kupunguza mzigo ni kutopeleka kisichohitajika: majina na akaunti yabaki kwenye kanzidata ya ofisi, njiani ipite namba ya uanachama na uzito tu. Na namba ya NIDA, zile tarakimu 20, isiwekwe kamwe kwenye anwani ya ombi. Anwani zinaandikwa kwenye kumbukumbu za kila mashine inayopitiwa, na hutazifuta zote.

Mkataba kabla ya msimbo

Kabla hujaandika mstari mmoja wa programu, andika mkataba wa API kwa OpenAPI. Ni faili la maandishi linaloeleza kila anwani, kila sehemu ya ujumbe, kila jibu na kila kosa. Lilianza likiitwa Swagger mwaka 2011, na tangu 2015 linasimamiwa chini ya Linux Foundation, kwa hiyo halimilikiwi na jukwaa lolote. Majukwaa yote niliyoyataja yanalisoma. Ukilipakia, lango linajengeka na ukurasa wa maelezo unajiandika.

Kazi yenyewe iko kwenye vitu vidogo. Tazama risiti moja ya mizani:

{
  "risiti": "NJ-2025-00418",
  "mwanachama": "K-1042",
  "zao": "ufuta",
  "uzito_gramu": 62500,
  "muda": "2025-06-14T08:10:00+03:00"
}

Kwa nini gramu, wakati kila mtu anasema kilo? Kwa sababu mfumo mmoja utaandika 62.5, mwingine 62,5, na siku moja mtu atasoma mia sita ishirini na tano. Namba nzima haina nukta wala mkato wa kugombania. Shilingi nazo vivyo hivyo: namba nzima, bila mkato wa maelfu, bila “TZS” mbele yake. Gunia na debe visiingie kabisa kwenye mkataba. Gunia si kipimo, kila mtu analishindilia anavyojua.

Muda ndio mtego mkubwa wa huku kwetu. Karani akiulizwa mzigo umeingia lini, atasema saa mbili na dakika kumi, na yuko sahihi. Ukimwachia kisanduku cha kuandika saa kwa mkono, ataandika 2:10, na mfumo utaamini ni usiku wa manane. Mizigo ya asubuhi itaonekana imepokelewa ghala likiwa limefungwa, na mkaguzi atauliza maswali ambayo hayana jibu zuri. Usimwandikishe saa. Kishikwambi anachotumia kiweke chenyewe muda kwa mtindo wa kimataifa, tarehe na saa na ile +03:00 mwishoni, kisha kwenye kioo kimwonyeshe “saa 2:10 asubuhi” kama anavyosema yeye.

Namba za simu zina ugonjwa wa aina hiyo: sifuri mbele, 255 mbele, au +255. Chagua moja, ile yenye alama ya kujumlisha, na nyingine zote lango lizikatae kwa ujumbe unaoeleweka. Ukizipokea zote kwa huruma, utakuja kuwa na mkulima mmoja mwenye kumbukumbu tatu.

Kama kazi yako ni boti za kwenda Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, weka nafasi za abiria badala ya gramu, na muda wa maji kujaa na kupwa uwe sehemu ya jibu. Mengine hayabadiliki.

Lango na bili yake

Kwenye lango utaweka kanuni: nani anaingia, mara ngapi, na anaruhusiwa kuona nini.

Ufunguo wa API unaofungiwa ndani ya programu ya simu si siri. Mtu mwenye nusu siku na kompyuta ataufungua. Kwa hiyo kwenye API ya bei, ufunguo utumie kwa kuhesabu nani anatumia kiasi gani, usiutegemee kwa ulinzi. Kwenye mapokezi, karani aingie kwa jina lake na apewe tokeni ya muda kwa utaratibu wa OAuth 2.0. Hapa kuna jambo la kuangalia: tokeni ya saa moja ni nzuri mjini, lakini karani aliye shambani bila mtandao tangu asubuhi, tokeni yake itakufa mfukoni. Programu imruhusu kuendelea kupima na kuhifadhi, tokeni iombwe upya mtandao ukirudi.

Kikomo cha maombi nacho watu hukichukulia kama kinga dhidi ya wahalifu. Mara nyingi ni kinga dhidi ya rafiki. Kijana akiandika programu inayouliza bei kila sekunde 5, simu moja inatuma maombi 17,280 kwa siku. Simu 200 ni maombi 3,456,000, na jukwaa linalotoza kwa ombi litakuletea bili ya hayo yote, wakati bei yenyewe imebadilika mara moja tangu mnada wa juzi. Weka mambo mawili pamoja. Lango lihifadhi nakala ya jibu kwa dakika 10, hapo kila swali linalorudiwa litaifikia seva yako mara 144 kwa siku, basi, hata nchi nzima ikiuliza. Na kila jibu liiambie simu itunze nakala kwa muda huohuo, ili isirudi kuuliza na kukuongezea bili. Anayezidisha apewe jibu namba 429, lenye kumwambia arudi baada ya sekunde ngapi.

Lango halijui kila kitu, na hapa ndipo wengi wanapoumizwa. OWASP, taasisi ya usalama wa programu, ilipotoa orodha yake ya hatari kumi za API mwaka 2023, ya kwanza ilikuwa ileile iliyoongoza mwaka 2019: mtu aliyeingia kihalali anabadilisha namba kwenye anwani na kuona kumbukumbu ya mwingine. Karani anaomba K-1042, anajaribu K-1043, anapata. Tokeni yake ni halali, lango linampitisha. Anayepaswa kumzuia ni programu yako ya ndani, inayojua K-1043 ni mwanachama wa chama kingine. Jaribu mwenyewe kabla ya kutangaza: chukua tokeni ya karani wa Njinjo, omba risiti ya Kipatimu. Jibu liwe 404, kana kwamba risiti hiyo haipo duniani.

Ombi lililotumwa mara mbili

Sasa tukae kidogo Njinjo, maana hapa ndipo API ya pwani inapojulikana kama imetengenezwa na mtu anayeijua pwani.

Karani amepima kilo 62 na nusu. Amebonyeza “tuma.” Ombi limefika kwenye seva, limeandikwa kwenye kanzidata, na seva imejibu. Jibu liko njiani, mtandao unakata. Kishikwambi kinaona kimya. Karani anasubiri, anabonyeza tena. Mkulima sasa ana kilo 125 kwenye mfumo na kilo 62 na nusu ghalani. Hakuna mwizi hapo, wala hakuna aliyekosea. Lakini siku ya malipo chama kitadaiwa fedha ya ufuta usiokuwepo, na wa kwanza kutuhumiwa ni karani.

Dawa yake ni ya kale na haina gharama. Namba ya risiti itolewe na kishikwambi chenyewe kabla ya kutuma, isingojee kupewa na seva. Kila kishikwambi kiwe na herufi zake za mwanzo ili namba zisigongane. Kisha ombi litumwe kwa PUT kwenye anwani yenye namba hiyo, badala ya POST, kwa sababu maana ya PUT ni kwamba kurudia hakubadilishi matokeo. Seva ikiona NJ-2025-00418 mara ya pili na taarifa ni zilezile, ijibu “imepokelewa” kama mara ya kwanza na isiandike kitu. Ikiiona na uzito tofauti, isikisie ipi ni kweli. Ijibu 409 na ujumbe wa aina hii:

{
  "kosa": "RISITI_IMEBADILIKA",
  "ujumbe": "Risiti hii ilishapokelewa ikiwa na uzito tofauti. Piga simu ofisini kabla ya kurudia."
}

Neno la juu ni la mashine, sentensi ya chini ni ya mtu, na inaenea kwenye SMS moja ya herufi 160. Ujumbe wako wa makosa wote uwe na kipimo hicho. Huduma za kupiga namba kwenye kitochi zina nafasi ya herufi 182 tu kwa ukurasa, na mtu anayesoma yuko juani.

Kishikwambi kikikosa jibu, kijaribu tena chenyewe, lakini kwa subira: sekunde 5, kisha 10, kisha 20, kisha 40, na kila mara kiongeze sekunde chache za kubahatisha. Bila hizo za kubahatisha, siku mnara ukirudi baada ya saa tatu, vishikwambi vyote vya wilaya vitakimbilia lango kwa sekunde moja na kuliangusha tena. Chunguza pia mipangilio ya jukwaa: malango mengine yanarudia maombi yenyewe bila kukuambia. Kama hujaweka utaratibu wa risiti, lango linaweza kukuzalishia mizigo pacha wakati karani amekaa kimya.

Jioni, vitabu vilinganishwe kama GePG wanavyofanya. Kishikwambi kitume idadi ya risiti za siku na jumla ya gramu. Seva ilinganishe na zake. Zikipishana, orodha iende kwa mtu mwenye jina na simu usiku huohuo. Si mwisho wa mwezi.

Kutangaza

Jukwaa litakuonyesha hatua: rasimu, imetangazwa, inastaafu, imefungwa. Kitufe cha kutangaza ni rahisi kubonyeza kuliko vyote, kwa hiyo jiwekee sharti: asibonyeze aliyeandika. Mtu wa pili asome mkataba, aite API kwa kufuata maelezo yako tu bila kukuuliza, na akikwama, maelezo yanarudi kuandikwa.

Toa sehemu mbili zilizotenganishwa kabisa, ya majaribio na ya kazi, kila moja na funguo zake. Ya majaribio iwe na wakulima wa kubuni. Usinakili kanzidata halisi ukasema “ni za kujaribia tu”, hizo bado ni taarifa za watu.

Maelezo yaandike kwa Kiswahili. Najua wapo watakaosema fundi wa kompyuta lazima ajue Kiingereza. Ajue, sawa, lakini atakayesoma maelezo yako saa nne usiku siku ya kuamkia mnada anaweza kuwa mhasibu. Weka mfano kamili wa kila ombi, unaoweza kunakiliwa na kufanya kazi hapohapo.

Kubadilisha na kufunga

Ukishatangaza, kuna watu wamejenga juu yako, na wengine huwajui. Kuongeza sehemu mpya kwenye jibu kunaruhusiwa. Kuondoa, kubadilisha jina au kipimo ni toleo jipya: /v1 inabaki kama ilivyo, /v2 inazaliwa kando yake.

Kalenda ya kufunga toleo la zamani usiipate kwenye mwongozo wa jukwaa, ipate shambani. Ufuta wa Lindi unavunwa kuanzia kama Mei na minada inafuata. Korosho zinaanza minada Oktoba na kuvuka mwaka. Kwa chama kinachoshughulikia mazao yote mawili, nafasi ya kubadilisha ni Februari na Machi, kabla masika hayajakolea na barabara za kuwafikia makarani hazijaharibika. Nje ya hapo, rekebisha hitilafu tu. Tangazo la kufunga litoke miezi sita kabla. Kiko kichwa cha ujumbe kinachoitwa Sunset, kilichowekewa kanuni mwaka 2019, ambacho kwacho kila jibu la toleo la zamani linaweza kubeba tarehe yake ya mwisho. Kiweke, lakini usikitegemee peke yake. Fungua takwimu za lango, ona ni ufunguo gani bado unaita /v1, na mpigie mwenyewe.

Ubao wa kijani unaodanganya

Ubao wa takwimu wa jukwaa unaanza kuhesabu ombi likigusa lango. Lililokufa kati ya Likawage na lango halihesabiwi. Ndiyo maana unaweza kuwa na ubao wa kijani kibichi, asilimia mia moja, na makarani sita hawajatuma kitu tangu jana. Kila kishikwambi kihesabu majaribio yake yaliyoshindikana na kuyatuma mtandao ukirudi. Hiyo ndiyo takwimu ya kusoma asubuhi. Ya pili ni ya ukimya: kituo ambacho jana kilipokea risiti themanini na leo hakina hata moja hadi saa sita mchana, kipigiwe simu.

Kwenye kumbukumbu za lango, hifadhi namba ya ombi, anwani, muda na jibu. Majina na akaunti usiyaache yaingie humo. Mafundi wengi hulinda kanzidata kwa kufuli tatu na kusahau kwamba kumbukumbu zina kila kitu, tena bila kufuli.

Jambo la mwisho lifanye mapema kuliko yote: sajili jina lako la .or.tz au .co.tz, na API itangazwe chini ya jina hilo, si chini ya anwani uliyopewa na jukwaa. Siku bei ya jukwaa ikipanda au kampuni ikinunuliwa na nyingine, utahamisha lango na vishikwambi havitajua. Ukiwa umewapa watu anwani ya jukwaa, utazunguka Kilwa nzima, kituo kwa kituo, kubadilisha programu. Faili la OpenAPI nalo litunze nje ya jukwaa, pamoja na kanuni za lango zilizoandikwa.

Na kama ufuta umeshaanza kukauka shambani wakati unasoma haya, usikimbilie mapokezi. Tangaza bei peke yake msimu huu. Mapokezi yajaribiwe kwenye kituo kimoja, daftari la karani likiwa bado mezani, na yaende wilaya nzima mwakani.